Kufuli la Akiba

Kiwanda kile cha mifuniko ya makopo, huko Wisconsin, kilikuwa na sheria moja isiyo na masihara. Anayeingia ndani ya mashine sharti aizime, afunge swichi kwa kufuli lenye picha yake mwenyewe, na ufunguo akae nao mfukoni. Kusahau kulitoa ni onyo. Kumwazima mwenzio kufuli lako ni kufukuzwa siku hiyo hiyo, maana tangu fundi mmoja apoteze mkono, hapakuwa tena na msamaha.

Maren Tollefson, mwanafunzi wa uhandisi aliyekuja kufanya mafunzo ya kazi wakati wa likizo ya kiangazi, aliisikia sheria hiyo siku ya kwanza. Akatia saini, na kama wasomi wengi, akadhani kuitia saini ndiyo kuijua.

Aliyemfundisha kazi hasa alikuwa Duane Pribyl, fundi mwenye tumbo la bia na mdomo usiopoa, aliyebakiza miaka miwili astaafu. Ijumaa moja ya Agosti, zamu ikikaribia kwisha, bati lilikwama ndani ya mashine. Duane akampungia mkono.

"Njoo uone utumbo wake, profesa. Vitabuni hamna hii."

"Kufuli langu nimeliacha ofisini. Nikimbie nikalilete?"

"Ukirudi nitakuwa nimeshamaliza. Shika hili langu la akiba. Usimwambie mama yako."

Wakaifunga swichi kwa makufuli yote mawili, wakaingia, wakalitoa bati, wakatoka wamejaa grisi. Duane alitoa kufuli lake, kengele ya zamu ikalia, wakaagana. Maren alikuwa na furaha kama mtoto. Alikwenda kula samaki wa kukaanga wa Ijumaa na wenzake, na kufuli la akiba likabaki kwenye swichi, ufunguo wake mfukoni mwa Maren.

Zamu ya jioni waliikuta mashine imefungwa, na kwenye kufuli uso wa Duane unawachekea. Yeye yuko ziwani anavua, simu haipatikani. Mashine ililala mpaka kesho yake, mzigo wa mteja ukachelewa.

Jumatatu meneja, Bi. Corliss Haag, alimwita Duane ofisini kwake. Duane akasema alisahau, uzee huo, akapewa onyo. Alipotoka alimkuta Maren mlangoni.

"Nyamaza," alimwambia. "Yamekwisha."

Hayakwisha. Mchana, penye meza za chakula, watu walimgeuza mchezo.

"Duane, leo umekumbuka kuvaa suruali?"

"Nimevaa mbili. Moja ya akiba."

Wote walicheka, naye akacheka kuliko wote, lakini Maren alimwona akiurudisha mkate wake kwenye mfuko bila kuuonja. Kesho yake wakamwuliza kama bado anajua njia ya kwenda kwake. Keshokutwa msimamizi, bila utani wowote, akampa mtu mwingine mashine ile. Maren alishindwa kuvumilia. Mtu mzima anaitwa mzee aliyepotewa na akili, kwa kosa lake yeye! Alijua atafukuzwa, na kazi aliyokuwa akiiota baada ya chuo itakuwa ndoto tu. Afadhali hivyo. Alipanda ngazi, akagonga mlango wa Bi. Haag.

"Duane hakusahau kitu," alisema. "Ni mimi niliyesahau. Kufuli nilikuwa nalo mimi."

Bi. Haag aliiweka kalamu chini taratibu.

"Kwa hiyo alikuazima."

Hapo ndipo Maren alipoielewa ile sheria aliyoitia saini. Alijaribu kuyarudisha maneno: aliomba yeye, alimlazimisha, palikuwa na haraka. Bi. Haag alimsikiliza kwa huruma ya kweli, kisha akainua simu kumwita Duane. Akamwambia Maren kwamba mwanafunzi hawezi kuadhibiwa kwa kufuata alichoambiwa na fundi wake. Na kwamba kiwanda kinawataka watu wakweli kama yeye. Akimaliza chuo, nafasi yake ipo. Maren alisikia mdomo wake ukisema ahsante.

Alimkuta Duane kwenye maegesho, akipakia sanduku la spana garini.

"Nilitaka kukusaidia," alisema akilia.

"Najua, binti." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Onyo lingefutika kufikia Krismasi. Na wewe wamekufanya nini?"

"Wamenipa kazi."

Duane alifunga mlango wa gari.

"Ichukue," alisema.

Maren hakuweza kumwambia kwamba alikwisha kuichukua.