Jina Alilochukua Joka

Majina ya wafu wa ukoo yalikuwa yanakaribia kwisha, na mtoto alikuwa bado analia.

Bibi Agneta alimpakata mjukuu wake kwenye kiti cha barazani, juu ya mji wa Kimilili, naye mkwewe Phanice alipiga magoti mbele yao huku titi likiwa tayari. Mtoto mchanga wa Kibukusu anapolia bila ugonjwa, wanawake wazee humtajia majina ya marehemu, moja baada ya jingine. Akinyamaza na kunyonya, marehemu huyo amemkubali, na jina limepatikana. Daktari alikuwa amempima mtoto huyu akasema ni mzima. Hata hivyo, tangu wiki iliyopita alikuwa hanyonyi ila kidogo, na mashavu yake yalikuwa yameanza kubonyea.

"Mama, taja la baba," Phanice alisema. "Kwa nini unaliweka mwisho?"

Lilikuwa la marehemu mumewe, na Agneta alikuwa ameliweka mwisho kwa sababu ndilo alilolitaka. Alilitamka kwa uangalifu, kama mtu anayeweka sahani ya udongo mezani.

"Sitati."

Mtoto alipiga kelele kana kwamba ameguswa na kaa la moto. Wakati huohuo, kutoka upande wa mlimani, kwenye pango ambamo ng'ombe hupelekwa kulamba chumvi, kitu fulani kiliitika. Sauti yake ilikuwa nzito, kama mawe mawili yakisagana.

Judy, dada wa yule mtoto, alikuwa amesimama mlangoni. Alimwita bibi yake, uso umepauka.

"Kukhu, usiite hiyo jina tena. Iko na mwenyewe."

"Jina hilo. Lina mwenyewe," Agneta alimsahihisha msichana huyo wa miaka kumi kwa mazoea ya ualimu. Kisha akasikia alichokuwa ameambiwa. "Mwenyewe nani?"

Judy aliingia ndani, akatoka na vitabu vinne vyenye majalada ya kung'aa. Agneta alivifahamu. Vilikuwa hadithi za majoka wa mlima Elgon, na kuanzia Sirisia hadi Naitiri hapakuwa na shule ambayo watoto wake hawakuwa wamevisoma mpaka kurasa zikachanika. Katika kitabu cha kwanza, msichana anasikia kilio pangoni, anamkuta mtoto wa joka, anamtajia majina ya wafu wa kwao mpaka ananyamaza. Tangu hapo joka ni wake.

"Nilisikia kitu kinalia huko pangoni kama mtoto," Judy alisema. "Nikamwitia majina yenye nilikuwa najua. Kwa la Guka Sitati akanyamaza, Kukhu. Nikafurahi, bana. Nimekuwa nikimpelekea chumvi."

"Umemwona?"

"Mkia tu. Lakini sasa amekuwa mkubwa."

Phanice alicheka kwa hasira. "Ati joka! Nimezaa mtoto anakufa mikononi mwangu, na huyu ananiletea mambo ya vitabu." Lakini alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, na macho yake hayakuacha kuutazama mlima.

Agneta hakucheka. Jirani yao Jairus alikuwa amepita juzi na ng'ombe wake, akinung'unika kwamba wamegoma kuingia pangoni, na kwamba dume lake kubwa lilikojoa kwa hofu mbele ya watu.

Asubuhi iliyofuata Agneta alikuwa Kitale, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vitabu, mbele ya mwanamke aliyekuwa akitia sahihi nakala za kitabu cha tano cha majoka wale. Mwandishi huyo aliitwa Chepkemei. Zamani alikuwa mwanafunzi wake.

"Mwalimu!" Chepkemei alisimama haraka, kama aliyeitwa ubaoni. "Umekuja kusahihisha vitabu vyangu?"

"Kwa kazi hiyo ningekuja na katoni ya kalamu nyekundu. Keti. Nina swali moja. Joka wako hurudishaje jina alilopewa?"

Chepkemei alitabasamu, akamtazama usoni, tabasamu likamtoka. Agneta alimsimulia kwa ufupi kuhusu mtoto, pango na sauti iliyoitika.

"Harudishi," Chepkemei alisema hatimaye. "Ni katika kitabu cha nne. Hubadilishana tu. Unampa jina jingine, naye anaachilia la kwanza."

"Jina la marehemu mwingine?"

"La marehemu hatalitaka tena, ameshaonja. Anataka la mtu aliye hai, na mwenye jina ndiye anayepaswa kulitoa kwa kinywa chake."

"Kisha mwenye jina anakuwaje?"

"Anapoitwa, huenda." Chepkemei alifunga kitabu kilichokuwa mbele yake. "Niliandika ukurasa mmoja wa mwisho kuhusu anakokwenda. Mchapishaji akauondoa. Alisema utawanyima watoto usingizi."

"Mambo haya uliyatoa wapi, binti?"

"Kwako, Mwalimu. Tulipokuwa darasa la sita ulitueleza jinsi Wabukusu wanavyomtafutia mtoto jina. Sisi Wasabaoti darasani tulilipenda sana somo hilo. Mengine niliyabuni. Au nilidhani niliyabuni. Kila ninapokwenda shuleni, watoto hunijia na kuniambia majoka wao wanaitwa nani. Kuna mmoja wa Naitiri aliniambia wake anaitwa Bethwel, kama mjomba wake aliyezikwa. Nilimpa peremende. Nilifikiri wanacheza."

Nje, watoto waliovaa sare walikuwa wamepanga mstari mrefu mpaka barabarani, wakingoja kitabu cha tano.

"Wafukuze," Agneta alisema.

"Mwalimu, vimekwisha kusambazwa. Kitale yote. Bungoma yote."

Agneta alipofika nyumbani alasiri, hakusikia kilio, akashukuru. Kisha akamwona Phanice. Mtoto alikuwa bado analia, lakini sauti ilikuwa imemkauka. Mdomo ulifunguka na kufumbika bila kutoa sauti, na ngozi ya utosini ilikuwa imedidimia.

Judy alikuwa amevaa viatu vyake vya shule.

"Ni mimi nilimpa, Kukhu. Nitampa langu, aachilie la Guka. Nimesoma kitabu cha nne."

"Vua viatu."

"Kukhu, si ni haki? Nani amekosa?"

"Nimesema vua viatu. Katika nyumba hii mtoto hatumwi pale mtu mzima anapoweza kwenda." Alimgeukia mkwewe. "Phanice, mweke kifuani. Mtajie jina la baba. Endelea kulitaja, usinyamaze hata ukisikia nini. Na huyu mfungie ndani."

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kubadilishana."

Phanice alitaka kumzuia. Akamtazama mtoto mikononi mwake, na mkono aliokuwa ameunyosha akaurudisha.

Jua lilikuwa kali juu ya mteremko, lakini nuru yake ilikomea mdomoni mwa pango. Chumvi ya Judy ilikuwa imelambwa mpaka mwamba ukang'aa. Palinuka manyoya yaliyoungua. Kutoka bondeni Agneta alisikia sauti ndogo ya Phanice ikirudia jina, na kila liliporudiwa, kitu kilichokuwa gizani kiliitika na kusogea mbele kidogo.

Kwanza aliona makucha, kisha kichwa kipana, kilicholala chini kama cha ndama aliyechoka. Macho yake yalikuwa ya mtoto mchanga, yasiyojua bado kutazama kitu kimoja.

"Simama hapo hapo," Agneta alisema.

Joka alisimama.

"Jina hilo ni la mume wangu. Nimelihifadhia mjukuu wake. Mimi niliitwa Nelima kabla sijabatizwa Agneta. Bibi zangu walinitajia jina hilo nikiwa ninalia, nikanyamaza. Ni langu, na ninakupa. Liachilie la kwanza."

Joka alifungua kinywa, akavuta pumzi ndefu, na Agneta akahisi ubaridi kifuani, kana kwamba amevuliwa nguo asiyojua kuwa amevaa.

Bondeni, Phanice alilitaja jina la Sitati. Gizani hakuna kilichoitika. Alilitaja tena, na sauti yake ikakatika katikati. Kisha akapaza sauti kwa nguvu zake zote ili isikike mlimani:

"Ananyonya! Mama! Ananyonya!"

Agneta aligeuka ashuke. Alitaka kumwona mtoto akiwa amefumba macho, shavu limejaa maziwa.

"Nelima," joka alisema nyuma yake, polepole, kama anayejifunza kusoma.

Miguu yake iligeuka kabla hajaiamuru. Alipiga hatua moja kuelekea ndani. Alishika mwamba kwa mikono miwili, na jina likatamkwa tena, na mikono ikaachia.

Ndani, mbali zaidi kuliko alivyodhani pango linavyofika, kilio kilianza. Hakikuwa kilio kimoja. Walikuwa wengi, wadogo, wakilia kama wanavyolia watoto wasio na majina. Joka alijisogeza kando kumpisha, akamtazama, na sasa macho yake yalikuwa yamejua kutazama. Agneta alifahamu anachotakiwa kufanya: kuwatajia majina. Alikuwa amefundisha katika shule za eneo lile maisha yake yote. Alijua majina ya kila mtoto aliyewahi kuketi mbele yake, wafu na walio hai.

Akafumba kinywa kwa nguvu, akasaga meno.

Joka akamwita tena, kwa upole, kama mtu ambaye hana haraka.