Punje Mbili Juu ya Meza ya Celestin

Mimi ndiye shangazi mtu, na bila shangazi hakuna binti anayeolewa Kituntu, kwa hiyo nilikuwepo. Mwaka 1986 Celestin wa Mabira alikuja kujitambulisha kwa kaka yangu Rwegoshora, baba yake Kokuhirwa, na badala ya mbuzi akaleta picha aliyoichora mwenyewe. Nikasema moyoni, Kokuhirwa mwanangu, umepata chizi!

Kumbe picha yenyewe ilinichangamsha. Meza imeinama, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, ni cha buluu, ndizi zina pembe utadhani zimechongwa kwa panga, na vivuli ni vya njano. Hakuna kilichofanana na cha kwetu, ila furaha tu.

"Baba, sikuchora vitu," Celestin akasema. "Nimechora raha ya nyumba yenye wageni."

Kaka alikuwa anatabasamu, mpaka macho yake yakafika pembeni. Pale palikuwa na kisu, na kando yake punje mbili za kahawa zenye wekundu.

"Omukago!" akaruka.

Mnaujua omukago, undugu wa damu? Wazee wetu walichanjana, wakapaka damu punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akameza ya mwenzake. Tangu hapo wewe ni ndugu yangu, na binti yangu ni binti yako. Nani anaoa binti yake?

"Kijana ametaka undugu, ameupata," kaka akasema. "Ndoa hakuna."

Celestin akaapa kwamba wekundu ule aliuweka ili upande ule wa picha usipooze. Wapi! Kaka akishika lake, ameshika. Nikamwona Kokuhirwa anauma midomo, na roho ikaniuma, maana alishakataa wachumba wawili kwa ajili ya huyu.

Kokuhirwa akaingia jikoni. Akarudi na kipande cha mkaa, akapiga magoti mbele ya picha, akachora punje ya tatu katikati ya zile mbili.

"Omukago ni wa watu wawili, baba," akasema. "Sisi tuko watatu."

Kaka akamtazama usoni, kisha akashusha macho tumboni. Celestin naye akatazama. Maskini, ndiyo kwanza anasikia.

"Lini?" kaka akauliza.

"Kahawa ikianza kuiva."

Kabla kaka hajaamua akasirike au acheke, nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio. Angemfukuza nani sasa, mbele ya watu wote wale?