Picha ya Bwawani Kumsenga

...na anga haligeuki, azungushe filta ya kamera kushoto, azungushe kulia, jeupe lile lile juu ya mafunjo, na Anifa anajua halitageuka, polaraiza, filta ya kukata mng'aro, haina nguvu kwa anga la upande wa jua, Nurudini alimfundisha hivyo wiki ya kwanza ya ndoa yao, pale studio Kasulu, jua likiwa ubavuni anga linakolea rangi, jua likiwa usoni ivue tu filta, na bora zaidi mgeuze mteja, mgeuze mteja, alikuwa akirudia mpaka inachosha, na sasa Nurudini yuko chini ya udongo na mteja hageuki... Mama Generosa amesimama ukingoni na kitenge chake cha kanisani, nyuma yake bwawa la samaki, ng'ambo ya bwawa kaburi la mumewe Theonest, aliyelichimba bwawa hilo kwa jembe huku watu wakimcheka, na anataka vyote vionekane, yeye, kaburi, maji, hasa maji, yawe maji na samaki ndani, si ule moto mweupe wa kwenye picha za simu za wajukuu, na Nurudini ndiye aliyemwahidi picha hii, kisha akafa, kwa hiyo ataipiga Anifa, leo, kwa jua hili hili... nyuma yake kaka yake Khatibu anasema kitu, anasema piga tu dada, watairekebisha kwa kompyuta, alfajiri tuna safari, na safari yenyewe ni ya Tanga, eda imekwisha, mwanamke peke yake huku milimani anakaa na nani, na yeye alijibu sawa, mbona alijibu sawa, alijibu kama mtu anayeitikia salamu... achana na anga, Anifa, tazama maji, anainamisha kamera kidogo, jua linatoka kwenye picha, anazungusha filta polepole, na mng'aro unaanza kukonda, unakonda, unaondoka juu ya maji kama utando unaoondolewa juu ya maziwa, na chini yake kijani, mawe, migongo ya perege ikipita, ila filta inakula mwanga, uso wa mama umekuwa giza, basi fungua lenzi, fungua tena, mpaka mikunjo ya macho ionekane, anga liungue kwa weupe likitaka, halina mtu wa kulidai... jua bado linapiga kioo cha lenzi na kuleta ukungu, anamwomba Khatibu avue kofia aikingie juu ya kamera, Khatibu ananung'unika lakini anakinga, na Mama Generosa anauliza huyo ni mumeo, Anifa anasema ni kaka, amekuja kunirudisha nyumbani, na mama anayatazama maji kwanza.

"Na mimi walikuja kunichukua, wa kwetu Kasanda," anasema. "Nikawauliza hawa samaki nitamwachia nani. Nikabaki."

...nikabaki, hivyo tu, bila kupaza sauti, na Anifa, Tanga nani atamjua, atakaa chumba cha uani akiwapikia watoto wa Khatibu, watamwita shangazi wa Kigoma, na studio atakabidhiwa mwenye nyumba iwe kibanda cha simu, na Nurudini, angekuwepo, angemgeuza mteja, asingekosea, ila picha hii asingeipata, haya maji hakunionyesha mtu, nimeyaona mwenyewe, na kidole kiko palepale juu ya kitufe cha kamera... atamwambia njiani, kwa adabu, kaka, utapanda basi peke yako, mimi Jumatatu nafungua studio, na atakasirika, na akasirike, atafika Tanga hasira zimepoa, mkono wake bado umeshika kofia, kivuli chake bado kiko juu ya kioo, hajui lolote, na Mama Generosa anauliza kama tayari, maana miguu inamuuma.

"Bado, mama," Anifa anasema. "Simama hapo hapo."