Maji Yasiyogeuka Rangi

Foleni ya bombani ilikuwa imeshafika kona, na Bwana Dawa bado anatikisa kichupa chake. Ndiyo kazi yake: kupima kama maji ya mtaa yametiwa dawa ya kuua vijidudu. Unachota kidogo, unatia kidonge, unatikisa. Maji yenye dawa yanageuka mekundu kwa mbali. Yasipogeuka, ni hatari tupu.

Hayakugeuka. Wiki ya sita sasa hayageuki. Barua tatu amepeleka ofisini, zote zimelala mezani kwa bosi, na jibu ni lilelile: dawa imepanda bei, tunafuatilia. Wanafuatilia nini, Mungu ndiye ajuaye. Mtaa wa chini watoto wawili wameshazikwa kwa kuharisha.

Asubuhi hiyo akaona basi, kunyamaza kumemchosha. Akapanda juu ya tofali, akainua kichupa.

"Ndugu zangu, tazameni wenyewe. Mnaona?"

Wakaona. Maji yalikuwa yanang'aa.

"Mbona safi kabisa," akasema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Hapana, mama. Yangekuwa mazuri, yangekuwa mekundu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mtu akauliza huyu leo kaamkia upande gani.

"Basi yachemsheni," akasema.

"Kwa mkaa wa nani, kaka?" akauliza yule mama. "Wako?"

Yeye mwenyewe siku hizi chai anakunywa mara moja tu kwa siku, kwa sababu ya mkaa huohuo.

Akashuka, akachukua spana, akafunga koki kuu, kisha akakaa juu ya kifuniko cha shimo lake. Alijua fika kazi imeingia mchanga, lakini kuandika barua ya nne aliona haya. Wakamporomoshea matusi ya nguoni. Mmoja akamwuliza kama ana mtoto hata wa dawa. Hana. Mkewe alishaondoka zamani, alisema amechoka kuishi na mtu anayechemsha hata maji ya kunawa. Basi akakaa vilevile, watu wamemzunguka pande zote, na hajapata kuwa mpweke kama siku ile.

Barua tatu hazikumtoa bosi ofisini. Koki ilimtoa ndani ya nusu saa. Akateremka garini na chupa yake ya maji ya dukani.

"Mzee, unataka kuniletea fujo?"

"Bosi, hayana dawa."

"Nani kakuuliza? Inuka. Kesho karipoti stoo, ukahesabu mabomba."

Vijana wawili wakamshika makwapa wakamwondoa taratibu, kama wanaosogeza kiti. Koki ikafunguliwa. Watu wakampigia bosi makofi.

Yule mama akakinga kikombe, akamshusha mwanawe, akamnywesha. Mtoto akamaliza chote, akaomba tena.

"Umeona? Mzima," akasema mama, wala si kwa ubaya.

Ugonjwa ule hauji siku hiyohiyo. Unachukua siku mbili, tatu. Bwana Dawa hakusema hayo, wangemsikiliza wangapi? Akauliza tu, "Unakaa wapi, mama?"

"Ya nini?"

"Nipite keshokutwa, nimjulie hali mtoto."

Mama akamtazama juu mpaka chini, akambeba mwanawe, akajitwika ndoo, akaondoka.

Bwana Dawa akamfuata kwa mbali, akijibanza kwenye kuta kama mwizi, mpaka akauona mlango alioingia.