Rangi Ilipozidi Machoni mwa Bibi

Nyanjige alikuwa na ugonjwa mmoja: hakubali picha ikae ilivyo. Akikupiga picha na simu yake, lazima akukoleze rangi. Kule Bariadi alikouzia vocha, aliwahi kumng'arisha bwana harusi mpaka mama mkwe akauliza yule padri Mzungu ni nani.

Jumapili alikuja Mwamanyili kumwona bibi yake, Milembe. Akamkuta jikoni akipuliza moto wa mavi makavu ya ng'ombe, maana kuni huku zimebaki hadithi. Akampiga picha. Kitenge chekundu kilikuwa kimepauka, akavuta rangi hadi kikawaka, akairusha kwenye grupu la kijiji: "Kigoli wangu huyo!"

Macho hakuyatazama. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umeyafanya mekundu. Sasa, kwa rangi ile, yaliwaka kama makaa.

Aliyeyatazama ni Bundala, jirani, aliyemzika mwanawe juzi tu. Akaandika: "Sasa nimejua." Watu wakamjibu kwa vidole gumba.

Huku kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu ni mchawi tayari, hasubiri mashahidi. Wapo waliolala wazima, wakaamshwa na mapanga.

Nyanjige akafuta picha, lakini watu walishaihifadhi. Akatuma nyingine, macho kayafanya meupe kama maziwa. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. "Wanaficha nini?" mtu akauliza.

"Bibi, twende Bariadi. Sasa hivi."

"Na ng'ombe atakamua nani? Wewe? Unaogopa hata mbuzi."

"Bibi, watakuua!" Akamwonyesha simu.

Milembe aliacha kupuliza. Mikono yake ikatafuta kitu cha kushika, ikakosa.

Mlangoni pakaingia giza. Nyanjige akadaka mchi. Aliyesimama pale na fimbo yake ni Felisita, mama mzazi wa Bundala.

"Mwadila, Milembe."

"Mwadila, mayu," Nyanjige akamwitikia mama huyo salamu kwa niaba ya bibi yake, mchi ungali juu.

"Shusha hicho, mimi si mtama. Nimeiona hiyo picha kwa mwanangu. Haya, nipige na mimi. Hapahapa kwenye moshi. Na unikoleze vilevile."

Wakakaa bega kwa bega. Picha ya kwanza ikatoka ukungu mtupu. Ya pili ikakubali. Akavuta rangi: macho manne, makaa manne.

"Andika," Felisita akasema. "Anayetaka kuanza, aanze na mama yake Bundala."

Nyanjige akaandika, akairusha kwenye grupu. Kisha nje ikanguruma pikipiki, na Bundala akaingia bila hodi.

"Mama, toka humu."

"Sitoki."

"Mama, hao watu wataku..." Hakumaliza. Aliketi chini kwenye majivu, akalia jinsi ambavyo hakulia msibani. Alipoweza, akaandika mbele yao kwamba mwanawe aliuawa na malaria, daktari alimwambia, na kwamba Milembe aachwe.

"Yamekwisha?" Milembe akauliza.

"Kwangu yamekwisha, mayu." Bundala akaitazama simu. "Hawa wengine sijui."

Felisita alikuwa ameshaanza kufunga nguo za Milembe kwenye kitenge.

"Ng'ombe nitakamua mimi," alisema. "Bundala, washa pikipiki."