Turubai la Mlango wa Nyuma

Tangu apigwe na kiharusi, Spana alikuwa akisema maneno kinyume. Akitaka maji ya moto alisema ya baridi. Taa ikimkera macho alisema iwashwe. Mkewe alijifunza polepole kumgeuza, kama mtu anavyogeuza nguo iliyovuliwa ndani nje, na sasa alifanya hivyo bila hata kufikiri. Wageni ndio waliobaki kukodoa macho.

Kilichomchosha hakikuwa maneno. Turubai lililokinga jua juu ya mlango wa nyuma lilikuwa limechanika, kivuli kikaondoka nalo, na Spana akahamia chumbani. Alipokuwa akikaa nje alitazama wapita njia, akasinzia, na mkewe naye akapata kunyoosha mgongo. Ndani alitazama dari na kumwita kutwa. Usiku mama huyu alikuwa macho akimgeuza asipate vidonda, mchana yuko mbioni kuitikia. Alikuwa amefika mahali pa kutia chumvi kwenye chai na kuinywa yote.

Kwa hiyo turubai jipya lilipotoka kwa fundi cherehani, hakutaka kungoja. Alimwita wifi yake, dada wa Spana, mwanamke wa mwili na maneno. Wakamsogeza mgonjwa na kiti chake hadi mlangoni, wakaanza kazi.

Fremu aliichomelea Spana mwenyewe enzi zake za ufundi bomba: bomba moja ukutani, jingine mbele, likishikwa na mikono miwili yenye matundu ya kupandishia na kushushia. Walipitisha bomba la mbele ndani ya upindo, wakakaza kamba za nyuma. Wifi alisema kaka yake alioa mwembamba makusudi, apate wa kupanda ngazi. Mkewe akajibu kuwa hata ngazi ina haki ya kuishi.

"Shusha," Spana akasema akiwatazama. "Mbele. Shusha."

"Anasema tupandishe," mkewe akatafsiri, na wifi akahamishia bolti kwenye matundu ya juu kabisa.

"Shusha!"

"Tumekusikia, kaka. Ndiyo tunapandisha."

Spana akafumba macho kama mtu anayemwomba Mungu subira.

Wakalijaribu kwa ndoo ya maji. Maji hayakwenda mbele wala nyuma. Yalikaa katikati, turubai likatoa tumbo. Wifi akaingia chini yake, akalisukuma kwa mpini wa fagio, na maji yote yakarudi ukutani yakipitia shingoni mwake. Spana alicheka. Bega moja tu lilitikisika, lakini alicheka, kisha akasema taratibu, "Shusha."

Mkewe akaikagua fremu kutoka pale ngazini. Bomba la mbele lilikuwa kimo kimoja na la ukutani. Maji yangekwenda wapi? Spana hakuwa amesema kinyume. Kumbe kwenye mabomba ulimi wake ulikuwa umenyooka siku zote, ila hakuna aliyewahi kumuuliza habari za bomba.

Waliposhusha, maji yakateleza mbele yenyewe. Wifi akaingia ndani kutafuta nguo kavu, akinung'unika kuwa za humu ndani hazitampita hata kiwiko.

Mkewe alibaki ameshika ngazi kwa mkono mmoja, kamba ya turubai iliyosalia kwa mwingine. Kila mchana Spana alimwambia "Nenda," naye alikwenda kukaa kando ya kitanda, akidhani anaitwa. Je, kama alikuwa akifukuzwa akapumzike? Siku zote hizo alikaa pale, shingo ikimwangukia kifuani, akijiona mke mwema.

Akamsogelea, akachuchumaa. "Ukiniambia nenda, huwa unataka niende, au nije?"

Spana aliliwaza swali. Midomo yake ilihangaika kidogo.

"Ndiyo," akasema.

Mkewe nusura acheke, lakini hata kicheko kilihitaji nguvu. Spana akainua mkono ulio mzima, akaonyesha jamvi lililotandikwa kando ya ukuta, ambako kivuli kipya kilikuwa kimeshafika.

"Lala."

Neno hilo nalo lingeweza kugeuzwa. Hakuwa na nguvu za kuligeuza. Alijilaza jinsi alivyokuwa, kamba ya turubai bado mkononi.

Wifi akatoka amejifunga shuka, mdomo umeshafunguka kuuliza chakula kitapikwa na nani.

"Piga kelele," Spana akamwambia, kwa sauti ya chini.

Wifi akamtazama, akamtazama aliyelala, akafunga mdomo.