Sauti Moja kwa Mzee Nigel

Henriette alikuwa ameshaapa: Mzee Nigel ataimbiwa wimbo wake, kwa sauti moja, bila ngoma, hata kama itabidi kuwaudhi Wakongo wenzake wote wa Durban, na Wazungu pia.

Alimuuguza mzee nyumbani kwake, mtaa wa Overport, tangu kiharusi kilipomlaza na kuua mikono yake yote miwili. Mikono iliyofundisha farasi wa mbio maisha mazima ikawa haiwezi kushika kijiko. Ulimi ndio uliobaki, nao haukuchoka kusimulia Curragh, uwanda wa majani kule Ireland alikozaliwa, usio na ua wala ukuta, kondoo wanalisha watakapo na farasi wanakimbizwa asubuhi ukungu haujatoka. Uwanda huo una wimbo wake wa zamani. Mzee alimfundisha ubeti kwa ubeti, akimrudisha mwanzo kila alipoongeza madoido. Siku za mwisho akamwomba auimbe atakapoagwa, na Henriette akakubali.

Kosa lake lilikuwa kumwambia Papa Anaclet, kiongozi wa kwaya kanisani. Msiba wa Wakongo hauna kadi ya mwaliko. Siku ya kuaga, kwaya nzima ikatua Greyville, kwenye uwanja wa mbio za farasi alikoagwa mzee, sare zimepigwa pasi, na ngoma mbili.

"Mama Henriette, mufu hasindikizwe na sauti moja," Anaclet alisema. "Kwetu ni aibu. Tuko na ngoma."

"Papa Anaclet, ngoma ibakie mu taxi. Njo vile aliniomba."

Travis, mtoto wa pekee wa marehemu, naye hakusaidia. Ratiba imejaa, alisema bila kumtazama, na muziki utapigwa kwenye spika.

"Nitaimba," Henriette akamjibu, akaenda kusimama kwenye majani kando ya uwanja wa mbio.

Ubeti wa kwanza haujaisha, kwaya ikaingia. Hawakukusudia, watu hawa wakisikia sauti moja inahangaika, midomo hufunguka yenyewe. Besi huku, soprano kule, na mtu ameshaanza makofi. Henriette akainua mkono.

"Hapana!"

Kulikaripia kanisa lake zima, mbele za watu! Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Akaanza upya.

Kwenye ubeti wa pili Travis akanyanyuka, akamjia, akamshika mkono. Haya, ninaondolewa, Henriette akawaza, na hasira zikampanda. Akakaza miguu, akambana vidole, akaimba kwa nguvu zaidi. Lakini Travis hakumvuta. Alikuwa akiuzungusha ule mkono polepole, akifuata wimbo, kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye tai.

Wimbo ulipoisha hakumwachia.

"Kwetu anayeimba hushikwa mkono," alisema, "asibebe wimbo peke yake. Baba hakukwambia?"

"Hapana."

Angemwonyeshaje, na mikono ile iliyokufa? Henriette akamlilia mzee kwa mara ya kwanza tangu afe, wala hakujificha.

"Alitaka kunifundisha nikiwa mdogo," Travis akasema. "Nilimkatalia. Siujui hata mstari mmoja."

Henriette akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Mkono wa Travis hakuuachia.

"Basi hatuondoki hapa," akasema. "Fuata nyuma yangu, mstari kwa mstari."